Afya ya Mfanyakazi Huanzia kwa Anayemwajiri

Mtu aliyeajiriwa mara nyingi hukaa kazini saa nyingi kuliko zile anazokaa macho pamoja na mume, mke au watoto wake. Hata hivyo tukizungumza habari za afya tunataja chakula bora, maji safi, chandarua na chanjo, na kazi tunaiacha nje ya mlango wa zahanati. Mwezi huu tuiingize ndani.

Tena tusidhani ni habari za viwanda na ofisi kubwa tu. Wengi wetu katika parokia ni waajiri bila kujiita hivyo. Mwenye mashine ya kusaga na kijana wake mmoja ni mwajiri. Mama mwenye mgahawa na wasichana watatu ni mwajiri. Vivyo hivyo mwenye saluni, mwenye gereji, mwenye shule ya awali, na kila nyumba yenye msichana wa kazi. Watu hawa wote wameshika afya ya mtu mwingine mikononi mwao, na mara nyingi hawajui.

Mwili unapobanwa

Mtu akikutana na mbwa mkali njiani, mwili hausubiri ushauri. Tezi ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, presha hupanda, na ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Hufuata homoni nyingine iitwayo kotisoli, ambayo huuweka mwili katika tahadhari kwa muda zaidi. Mbwa akishaondoka, kila kitu hurudi mahali pake. Mpango huu ni mzuri sana kwa hatari ya dakika kumi. Taabu ni kwamba mwili hautofautishi sana kati ya mbwa na tajiri anayefoka kila asubuhi, na mbwa wa namna hii haondoki. Kesho saa mbili yupo palepale.

Mwili ukikaa katika tahadhari hiyo miezi na miaka, presha huzoea kuwa juu. Usingizi huja kwa shida au hukatika saa tisa za usiku. Shingo na mgongo hukaza, kichwa huuma jioni, na mwenye kisukari huona sukari yake haishikiki ingawa anameza dawa zake. Kinga ya mwili nayo hulegea. Wengine hutafuta nafuu katika pombe na sigara, wakaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Hapa niseme neno juu ya vidonda vya tumbo, maana kila mtu husema vinaletwa na mawazo. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa mwaka 1982 na madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, au na dawa za maumivu kama aspirini zinazomezwa mara kwa mara. Mawazo huzidisha maumivu, lakini kumwambia mgonjwa apunguze mawazo bila kumpima si tiba.

Tarishi na mkubwa wake

Mwaka 1967 madaktari wa Uingereza walianza kuwapima wanaume wapatao 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali mjini London. Uchunguzi huo huitwa Whitehall, jina la mtaa wenye ofisi nyingi za serikali. Watu hawa walifaa sana kulinganishwa. Wote walikuwa na ajira ya uhakika, hakuna aliyechimba makaa ya mawe wala kubeba magunia bandarini, na wote waliweza kutibiwa bila kulipia hospitali. Wakati huo watu wengi waliamini kuwa ugonjwa wa moyo ni wa wakubwa, wale wenye maamuzi mazito na simu zisizonyamaza.

Ikaonekana kinyume. Matarishi na wangoja mlango, waliokuwa ngazi ya chini kabisa, walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wa ngazi ya juu. Na haikuwa kwamba wa chini waliumwa na wengine wote wakasalimika. Kila kidato ulichoshuka, hatari iliongezeka, hata kati ya wakubwa wenyewe na wale waliowafuata. Wa chini walivuta sigara zaidi, ni kweli, lakini sigara, presha na mafuta katika damu vilipohesabiwa vyote vilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo.

Uchunguzi wa pili, ulioongozwa na daktari Michael Marmot, ulianza mwaka 1985 kwa watumishi zaidi ya 10,000, wanaume kwa wanawake. Safari hii waliulizwa pia juu ya kazi yenyewe: je, una nafasi ya kuamua namna ya kuifanya? Je, unaweza kupanga utaanza na lipi, utapumzika lini? Mwaka 1997 matokeo yalitangazwa. Waliokosa sauti katika kazi yao walipata ugonjwa wa moyo zaidi, na jambo hilo lilieleza sehemu kubwa ya ile tofauti kati ya wa juu na wa chini.

Kabla ya hapo, mwaka 1979, Mmarekani Robert Karasek alikuwa ameandika jambo linalofanana. Alisema kazi nyingi peke yake si hatari kuu. Hatari kuu ni kazi nyingi pamoja na kukosa uamuzi. Johannes Siegrist akaongeza kwamba mtu huumia anapotoa jasho jingi na kurudishiwa kidogo, na katika malipo alihesabu pesa, heshima na uhakika wa kesho. Bila shaka kuna mambo mengine yanayougua pamoja na mtu, kama umaskini wa utotoni, na hakuna daktari awezaye kukuambia kwamba presha ya fulani imeletwa na bosi fulani. Lakini mwelekeo ni ule ule kila ulipopimwa.

Sauti katika karakana ndogo

Huenda mwenye cherehani tatu anajiuliza London inamhusu nini. Inamhusu sana, kwa sababu sauti haina gharama. Fundi anaweza kuambiwa, "Nguo hizi nane zinatakiwa Ijumaa," kisha akaachiwa apange mwenyewe aanze na ipi. Au anaweza kusimamiwa kichwani na kuamrishwa kila mshono. Nguo zitakuwa nane kwa njia zote mbili. Wasichana wa mgahawani wanajua kuliko mwenye mgahawa ni saa ngapi wateja hujaa na ni saa ngapi mmoja wao anaweza kuketi ale. Waulizwe. Mlinzi anayebadilishiwa zamu aambiwe siku mbili kabla, asikute habari hiyo getini akiwa tayari amelipa nauli.

Makosa yapo, na kazi lazima isimamiwe. Lakini anayesahihishwa pembeni husikia kosa lake, na anayefokewa mbele ya wateja husikia aibu yake tu. Hapo ndipo sahani huanza kuvunjika mara kwa mara.

Kuhusu mshahara nitasema wazi. Kuchelewesha mshahara ni jambo la afya. Mtu asiyejua kama tarehe tano atapata au hatapata hawezi kulala, na akiwa na mtoto anayetakiwa kulipiwa shule halali hata kidogo. Kama biashara imekuwa mbaya, na huwa mbaya kweli, mwajiri aseme mapema: nina nusu leo, nusu nyingine tarehe kumi na tano. Kisha tarehe kumi na tano itimizwe. Wafanyakazi huvumilia kidogo kinachojulikana kuliko kingi cha kubahatisha. Fulana ya Mei Mosi na soda moja haviwezi kuziba pengo la miezi miwili ya malipo.

Saa za kazi na saa za kulala

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao ya pamoja. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Walikadiria kuwa vifo 745,000 vya mwaka 2016 duniani vilitokana na saa hizo ndefu.

Sasa tupige hesabu yetu. Msichana wa mgahawa anayewasha moto saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa mbili usiku, siku sita kwa wiki, hufanya saa 90. Mlinzi wa usiku wa saa kumi na mbili asiye na siku ya mapumziko hufanya saa 84, na mchana hulala vipande vipande kwa sababu ya joto, watoto na redio ya jirani.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, zisizozidi saa 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Saa za ziada ni za makubaliano na hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, huongezewa asilimia 5. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate saa moja ya mapumziko, na kila wiki apate saa 24 za kupumzika. Aliyetimiza zaidi ya miezi sita kazini ana likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo. Akiugua na kuleta cheti cha daktari, ana siku 126 katika kipindi cha miaka mitatu, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu. Mama aliyejifungua ana siku 84, au 100 akizaa pacha, na akirudi kazini aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba ana siku zisizopungua 3. Wengi hudhani sheria hii ni ya makampuni. Ni ya mwenye duka pia.

Choo, kiti na jiko la mkaa

Kuna mambo ambayo watu huona haya kuyataja. Mwanamke anayeuza dukani mahali pasipo choo hujizuia kunywa maji tangu asubuhi, au hubana mkojo hadi jioni. Hivyo ndivyo magonjwa ya njia ya mkojo yanavyopata nafasi, na kwa mjamzito ugonjwa huo waweza kupanda hadi kwenye figo. Makubaliano na jirani mwenye choo, na mtu wa kushika duka dakika tano, ni kinga tosha. Siku za hedhi ruhusa hiyo isiwe ya kuombwa kwa maelezo marefu.

Anayesimama kutwa apewe kigoda cha kuketi wateja wanapopungua. Miguu inayovimba na mishipa inayojitokeza huanzia hapo. Fundi cherehani akae karibu na dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni. Katika saluni madirisha yawe wazi dawa za nywele zinapotumika. Na jiko la mkaa lisiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa, wala mlinzi asilale nalo kwenye kibanda chake akiota moto. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini bila hata kukohoa.

Nyumba zetu nazo ni mahali pa kazi

Nimeliacha hili hadi sasa kwa sababu ndilo linalotugusa wengi. Msichana wa kazi, tunayemwita dada au hausigeli, huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Tukimwuliza mama mwenye nyumba kuhusu saa zake za kazi hucheka: "Huyu ni kama mwanangu, hana saa." Mara nyingine ni kweli kuna upendo. Lakini mtoto wa nyumbani hujibu akionewa, hualika rafiki zake, hula pamoja na wengine, na akiumwa hupelekwa hospitali bila kukatwa kitu. Kama dada hana hayo, basi ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana saa.

Sheria tuliyoitaja inamhusu yeye pia. Mapumziko ya kila siku ni saa 12 mfululizo, na kwa anayelala palepale anapofanya kazi yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi. Saa 8 ni pungufu ya zote. Ikiwa kazi ya mwisho ni kumfungulia baba mlango saa sita usiku, na ya kwanza ni chai ya watoto saa kumi na moja, hiyo haikutimizwa. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, hata kama mzazi wake ameridhia.

Apate mahali pake pa kulala penye mlango unaofungwa kwa ndani. Wasichana wengine hunyanyaswa na wanaume wa nyumba hiyo hiyo au wageni, na hunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Awe na simu au ruhusa ya kutumia simu kuongea na kwao. Mshahara ukabidhiwe mkononi mwake au kwenye simu yake, si "kutunziwa" hadi Krismasi. Apewe siku yake ya wiki, na siku hiyo asiulizwe anakwenda wapi kana kwamba ametoroka. Chakula kiwe kile kile cha nyumba, kwa saa ile ile. Msichana anayesubiri mabaki hupungukiwa damu, kisha tunashangaa kwamba ni mzito wa kuinuka.

Kwa mzazi wa kijijini anayeletewa habari za kazi nzuri mjini: usimwachie binti kwa mtu usiyejua nyumba yake ilipo. Uliza jina la mtaa, mshahara na siku ya kulipwa, atalala wapi, na utampata kwa simu ipi. Mwajiri mwema hakasirikii maswali hayo.

Mtu anapoanza kuvunjika

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi uliokithiri kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Haukuhesabiwa kuwa ugonjwa, lakini una alama tatu: nguvu kuisha kabisa, kuichukia kazi au kutoijali tena, na kuona kwamba kila ufanyalo halifai. Mwalimu aliyekuwa akijua jina la kila mtoto sasa anawaita "nyie." Fundi mwangalifu anakata kitambaa vibaya mara mbili kwa wiki. Mtu mcheshi hataki kuamkiwa. Sisi husema amekuwa na kiburi, au amepata kazi kwingine.

Mwajiri anayeona hivyo atafute saa ya utulivu, amwite faraghani na kuuliza swali moja: "Naona hauko kama zamani, ni jambo gani linalokulemea zaidi hapa?" Kisha anyamaze asikilize. Asijitetee, asilete mifano ya jinsi yeye alivyoteseka ujanani. Katika yatakayotajwa huenda lipo moja linaloweza kubadilishwa wiki hiyo hiyo, basi libadilishwe hilo.

Ikiwa huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumedumu wiki mbili na zaidi, kama halali, hali, analia bila sababu, huo sasa waweza kuwa ugonjwa wa sonona, nao una tiba hospitalini kama malaria ilivyo na tiba. Asiambiwe amekosa imani wala kwamba ni mvivu. Akitamka kwamba heri afe, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na anayempeleka akae naye hadi aonwe na daktari.

Anaporudi kazini aanze kwa nusu siku kama inawezekana, wiki mbili za kwanza, na lile lililomlemea lisirudishwe juu yake siku ya kwanza. Wenzake waambiwe tu kwamba alikuwa mgonjwa. Mengine ni siri yake.